Kabla Kengele ya Kura Haijalia: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Mswada katika Bunge la Kenya na Kumsoma Mbunge Wako

Jumanne tarehe 25 Juni 2024, wabunge 195 waliuunga mkono Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya tatu, ambayo ndiyo hatua ya mwisho ukumbini, na 106 wakaupinga. Siku tano kabla yake, mswada huohuo uliposomwa mara ya pili, hesabu ilikuwa 204 kwa 115. Katikati ya kura hizo mbili nchi ilikuwa imejaa maandamano, nambari za simu za wabunge zilikuwa zimesambazwa mitandaoni, na wabunge wengi walipigiwa simu na kuandikiwa jumbe usiku na mchana. Hata hivyo, ukizitazama hesabu hizo kwa makini utaona kwamba kila upande ulipungukiwa na kura tisa tu. Shinikizo kubwa kuliko lolote ambalo Bunge hilo lilikuwa limelipata halikuibadili sura ya kura ndani ya ukumbi.

Kilichobadilika kilibadilika mahali pengine. Tarehe 18 Juni, kabla ya mswada kusomwa mara ya pili, Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa ilikwisha kutangaza kwamba ushuru wa asilimia 16 juu ya mkate na ushuru wa asilimia 2.5 juu ya thamani ya magari ungeondolewa. Na tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya Bunge na watu kupoteza maisha, Rais alitangaza kwamba hangeutia sahihi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na jambo ambalo raia wengi hulitambua wakiwa wamechelewa: siku ya kura ndiyo siku ambayo mbunge ana nafasi finyu kuliko zote ya kubadili nia. Anayetaka kujua mbunge wake atapiga kura gani, au anayetaka kumshawishi, hana budi kuanza kazi wiki kadhaa kabla.

Hatua ya kwanza: Jua mswada unapitia wapi

Bunge la Kenya lina mabunge mawili. Bunge la Kitaifa lina wabunge 290 waliochaguliwa na maeneobunge, wawakilishi wa wanawake 47, yaani mmoja kwa kila kaunti, na wabunge 12 walioteuliwa na vyama, jumla yao 349 bila kumhesabu Spika. Seneti ina maseneta 47 wa kuchaguliwa, wanawake 16 wa kuteuliwa, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu, jumla yao 67. Hesabu hizi zafaa kukaa kichwani, kwa sababu theluthi mbili ya 349, inayohitajika kwa mfano katika kubadili Katiba, ni 233, na idadi hiyo ya 233 imewahi kuua miswada mingi kuliko hotuba zote za upinzani.

Si kila mswada hupitia pande zote mbili. Mswada unaogusa serikali za kaunti lazima upite Seneti pia, ilhali mswada wa fedha za umma huanzia na kuishia katika Bunge la Kitaifa. Ubishi juu ya mpaka huo umefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Tarehe 29 Oktoba 2020, Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 ambazo Bunge la Kitaifa lilikuwa limezipitisha bila kuishirikisha Seneti, ingawa Mahakama ya Rufaa baadaye ilirekebisha sehemu ya uamuzi huo. Kwa raia, maana yake ni kwamba lazima ajue mapema kama atamtafuta mbunge peke yake au mbunge na seneta.

Katika Seneti kuna jambo la ziada. Mswada unapogusa kaunti, maseneta hawapigi kura kila mtu kwa nafsi yake: kila kaunti ina kura moja, na kura hiyo hupigwa kwa niaba ya ujumbe wa kaunti unaoongozwa na seneta aliyechaguliwa. Kumwandikia seneta mteule ili apige kura kwenye mswada wa aina hiyo ni kubisha mlango usio na mwenyewe, labda uwe unamtumia kumfikia kiongozi wa ujumbe.

Hatua ya pili: Usome mswada ukianzia mwisho

Mswada huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na nakala huwekwa katika tovuti ya Bunge. Usitegemee muhtasari wa magazeti wala jumbe za kusambazwa katika makundi ya simu, kwa maana mara nyingi jumbe hizo huhusu toleo ambalo limekwisha kubadilishwa.

Wengi huufungua mswada kwenye ukurasa wa kwanza, wakakutana na orodha ya tafsiri za maneno, wakachoka. Anza na kurasa za mwisho. Baada ya vifungu vyote utakuta maelezo ya madhumuni na sababu, ambayo hutiwa sahihi na mwenye mswada. Hapo ndipo utakapojua mswada ni wa serikali, wa kamati au wa mbunge binafsi. Kama unapunguza haki za kimsingi. Kama unahusu kaunti. Na kama utaigharimu Hazina ya Taifa. Baada ya maelezo hayo, mswada wa marekebisho huwa na nakala ya vifungu vya sheria ya sasa vinavyokusudiwa kubadilishwa. Weka kifungu cha zamani na kipya ubavu kwa ubavu, na utagundua kwamba mara nyingine kufutwa kwa neno moja, kwa mfano “lazima” likawa “anaweza”, kuna uzito kuliko kurasa kumi za maelezo.

Jina la mwenye mswada si jambo dogo. Mswada wa serikali huletwa na kiongozi wa walio wengi, nao huwa na viranja nyuma yake, yaani wabunge wenye kazi ya kuwapanga wenzao wapige kura pamoja na chama. Mswada wa mbunge binafsi hutembea peke yake, na ukiwa unahitaji fedha, Katiba katika kifungu cha 114 inataka Bunge liendelee nao tu kwa mujibu wa mapendekezo ya kamati ya bajeti baada ya kushauriana na waziri wa fedha. Miswada mingi ya wabunge binafsi hufia hapo kimyakimya, na mpiga kura hubaki akidhani mbunge wake alitoa ahadi ya uongo.

Hatua ya tatu: Iwahi kamati

Kusomwa mara ya kwanza ni jambo la dakika chache: kichwa cha mswada husomwa, hakuna mjadala, na mswada hupelekwa kwa kamati inayohusika. Kuanzia hapo saa huanza kukimbia. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi na kurahisisha ushirikishaji wa umma, na ndiyo sababu kamati hutoa tangazo magazetini na katika tovuti ya Bunge, ikieleza siku ya mwisho ya kupokea maoni ya maandishi na mahali vikao vitakapofanyika. Muda huo huwa mfupi, kwa hiyo anayengoja kuarifiwa na jirani atakosa.

Maoni yako yaandikie Karani wa Bunge, yataje jina la mswada na mwaka wake, kisha yapange kwa safu tatu: nambari ya kifungu, mabadiliko unayotaka, na sababu. Andika maneno kamili unayotaka yaingie badala ya yaliyopo. Niliwahi kuwasilisha kurasa tisa za malalamiko yaliyojaa ghadhabu na methali, na sikuona hata sentensi moja ikinukuliwa katika ripoti ya kamati. Mara iliyofuata niliandika ukurasa mmoja wenye vifungu vitatu, na kimojawapo kikajadiliwa. Makarani wa kamati huandaa jedwali la maoni yote kwa ajili ya wajumbe, na maoni ambayo tayari yamekaa kijedwali huingia bila kupotoshwa.

Je, kamati inalazimika kukujibu? Suala hili lilifika hadi mwisho wa ngazi za mahakama. Tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikilikosoa Bunge pamoja na mengine kwa jinsi lilivyoendesha ushirikishaji wa umma. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo na kuirejesha sheria. Ningemshauri raia asitegemee kwamba mahakama itaokoa maoni yaliyopuuzwa. Hata hivyo ripoti ya kamati ni hati ya umma. Isome utafute walikokutaja, kwa kuwa itakupa la kumuuliza mbunge wako.

Ripoti hiyo ndiyo hati yenye nguvu kuliko zote katika safari ya mswada. Wabunge walio wengi hawausomi mswada kifungu kwa kifungu, na hili si tusi, kwani miswada ni mingi na kila mmoja wao yumo katika kamati nyingine. Wao huwategemea wenzao waliokaa na mswada. Marekebisho yaliyopendekezwa na kamati huwa na nafasi nzuri ya kupita, na yale ya mbunge aliyesimama peke yake ukumbini huwa na nafasi ndogo.

Hatua ya nne: Msome mbunge wako

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua daftari, uandike jina la mbunge wako juu, kisha ujiulize anamwogopa nani, anamtegemea nani na anamtumaini nani.

Anza na chama. Kisheria, mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichomdhamini hupoteza kiti chake, na sheria ya vyama vya siasa huhesabu baadhi ya vitendo, kama vile kuvumisha itikadi ya chama kingine, kuwa sawa na kujiuzulu. Kwa vitendo, wabunge wa kuchaguliwa hawapotezi viti kwa urahisi, kwa sababu kesi huchukua muda mrefu na vyama huogopa uchaguzi mdogo. Wateule ndio walio katika hatari zaidi, maana hawana eneobunge la kukimbilia.

Adhabu ya kawaida ni nyepesi kuliko kupoteza kiti, lakini huuma: kuondolewa katika kamati au uongozi. Mwezi wa Mei na Juni 2020, chama cha Jubilee kiliwang'oa waliomuunga mkono aliyekuwa Naibu Rais, William Ruto. Kipchumba Murkomen alipoteza nafasi ya kiongozi wa walio wengi katika Seneti, Kithure Kindiki akaondolewa kwa kura katika kiti cha Naibu Spika wa Seneti, na Aden Duale akapokonywa uongozi wa walio wengi katika Bunge la Kitaifa. Ujumbe uliwafikia wengine wote bila barua. Kwa hiyo andika katika daftari lako: mbunge wangu yumo katika kamati gani, je, ni mwenyekiti, na nani alimweka hapo? Mwenyekiti wa kamati ana zaidi cha kupoteza kuliko mjumbe wa kawaida.

Usichanganye chama na mwelekeo wa kura, kwa sababu miungano ya Kenya huyeyuka na kuungana upya baina ya uchaguzi mmoja na mwingine. Baada ya uchaguzi wa 2022 pande mbili zilizozania nani ndiye wa walio wengi. Oktoba mwaka huo Spika Moses Wetang'ula aliamua kwamba Kenya Kwanza, muungano wa serikali, ilikuwa na wabunge 179 na Azimio, muungano wa upinzani, 157, akihesabu vyama vilivyokuwa vimehama muungano, na Februari 2025 Mahakama Kuu ikautupa uamuzi huo. Mpiga kura aliyemchagua mbunge kwa tiketi ya upinzani alijikuta na mbunge wa serikali bila mbunge mwenyewe kuhama chama.

Mfano mkubwa zaidi ni wa tarehe 8 Oktoba 2024, Bunge la Kitaifa lilipopiga kura ya kumbandua Naibu Rais Rigathi Gachagua. Walioafiki walikuwa 281, waliopinga 44, na mmoja hakuegemea upande wowote. Idadi hiyo, iliyopita 233 kwa mbali, isingepatikana kwa kura za upande wa serikali peke yake; miezi miwili kabla yake wanasiasa wa ODM, chama kikuu cha upinzani, walikuwa wameapishwa kuwa mawaziri, na wabunge wa chama hicho wakapiga kura pamoja na wale waliokuwa wapinzani wao. Anayetaka kutabiri kura kubwa ya namna hiyo asianze na hoja zilizomo katika hati ya mashtaka. Aanze kwa kuuliza ni viongozi gani wa vyama waliokutana karibuni, na walikubaliana nini. Mkutano wa wabunge wa chama unapoitishwa Ikulu au katika hoteli siku moja au mbili kabla ya kura, chukua hiyo kuwa dalili kwamba uongozi umehesabu na hauna hakika.

Kisha tazama eneobunge. Tangu 2003 wabunge wa Kenya wamehusishwa na hazina ya ustawi wa maeneobunge, ambayo sasa hupata angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa, na ambayo hujenga madarasa na kuwalipia wanafunzi basari. Mahakama ya Juu iliitangaza sheria ya 2013 ya hazina hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwezi wa Agosti 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo kuhusu sheria ya 2015 iliyoirithi. Lakini machoni pa wapiga kura wengi, mbunge bora ni yule aliyelipa karo. Kwa sababu hiyo anayeshika ufunguo wa Hazina ya Taifa ameshika sehemu ya koo la mbunge. Mara kadhaa wabunge wametishia kusimamisha shughuli za serikali hadi fedha hizo ziachiliwe, na tishio hilo linaonyesha uhusiano unaokwenda pande zote mbili: serikali nayo huweza kuchelewesha barabara au mgao wa mtu mkaidi. Mbunge anapokwambia kwamba alipiga kura “kwa ajili ya maendeleo”, mara nyingi anakueleza jambo hili kwa adabu.

Eneo huweza pia kukishinda chama. Mwaka wa 2020 Seneti ilikwama kwa wiki nyingi juu ya kanuni ya kugawana fedha baina ya kaunti, kwa sababu kanuni iliyopendekezwa ilizipa uzito kaunti zenye watu wengi na kuzipunguzia zile kame na za Pwani. Kura iliahirishwa mara kwa mara, maseneta wa vyama hasimu wakakaa upande mmoja, na mwezi wa Agosti watatu kati yao wakakamatwa na polisi. Maafikiano yalipatikana tarehe 17 Septemba, serikali ilipoahidi kuongeza fungu zima ili kaunti yoyote isipoteze. Mgao wa kaunti ukapanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370 katika mwaka wa fedha uliofuata. Nadhani hili ndilo funzo lenye manufaa zaidi kwa mtu wa kawaida. Hasara iliweza kuhesabiwa kwa shilingi, kaunti kwa kaunti, na hakuna seneta aliyethubutu kurudi nyumbani na tarakimu hiyo. Ukitaka mbunge asimame dhidi ya chama chake, mpe tarakimu ya eneobunge lake, si hoja ya taifa zima.

Mwisho yako maslahi binafsi na fedha. Kifungu cha 122 cha Katiba kinamkataza mbunge kupiga kura juu ya jambo ambalo ana maslahi ya kifedha ndani yake. Jua basi biashara zake, kwa kadiri zinavyojulikana hadharani. Kuhusu hongo, madai hayakosekani: Agosti 2018, ripoti juu ya sukari ya magendo ilipoangushwa ukumbini, wabunge wenyewe walidai kwamba wenzao walikuwa wamepewa pesa ndani ya majengo ya Bunge. Madai ya namna hii ni magumu kuyathibitisha, na ningemwonya mwandishi wa barua asimtuhumu mbunge bila ushahidi, kwa sababu atamfungia mlango na pengine ajiingize mwenyewe katika kesi.

Sijataja dhamiri. Ipo, na hujitokeza zaidi katika mambo ya ndoa, dini na ardhi, ambapo viranja hulegeza kamba. Kwenye miswada ya ushuru usiitafute sana.

Hatua ya tano: Mfikie kwa wakati na kwa njia inayomfaa

Wakati mzuri wa kuonana na mbunge ni baina ya kutolewa kwa tangazo la kamati na kusomwa kwa mswada mara ya pili. Nenda katika ofisi yake ya eneobunge Ijumaa au Jumatatu, kwa kuwa vikao vya Bunge la Kitaifa kwa kawaida huwa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Usiende peke yako. Mheshimiwa huwasikiliza kwa makini zaidi mwalimu mkuu, imamu au mchungaji na mwenyekiti wa soko walioingia pamoja, kwa sababu kila mmoja wao ana watu nyuma yake. Beba ukurasa mmoja, mwachie, na umwombe jibu kwa maandishi: je, ataunga mkono kifungu fulani au la?

Usimwombe apinge mswada wote ikiwa chama chake kinautaka. Mwombe jambo ambalo anaweza kulifanya bila kuvunja uhusiano wake na kiranja: apendekeze marekebisho ya kifungu kimoja, au alipeleke shauri lenu katika kamati.

Ikiwa jambo lenu halimo katika mswada wowote, kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi rasmi ili litunge, libadilishe au lifute sheria. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, bila mafuto. Lieleze kama mlikwisha kulipeleka jambo hilo kwa afisi inayohusika na mlijibiwa nini, kama lipo mahakamani, na limalizike kwa kusema wazi mnataka Bunge lifanye nini. Majina, anwani na sahihi au alama za vidole gumba zifuate.

Hatua ya sita: Siku yenyewe

Kusomwa mara ya pili ni mjadala juu ya shabaha ya mswada kwa ujumla. Hotuba za siku hiyo zina faida moja kwa mfuatiliaji: zinaonyesha nani ameanza kujitenga. Mbunge anayesema “naunga mkono, lakini” akataja vifungu vitatu, huyo ana marekebisho mfukoni. (Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na kanuni zinamtaka mbunge aimalize hotuba kwa lugha aliyoianza nayo, ndiyo maana baadhi yao huanza kwa Kiswahili kwa madaha kisha wakaonekana wakitafuta njia ya kutokea.)

Halafu huja Kamati ya Bunge Zima, ambapo vifungu hupitiwa kimoja kimoja na marekebisho kupigiwa kura. Vyombo vya habari huipuuza hatua hii kwa sababu inachosha, wabunge wengi hutoka nje, na wachache waliobaki hubadili sheria ya nchi. Ukiwa na saa moja tu ya kuufuatilia mswada moja kwa moja, itumie hapo.

Kura kwanza hupigwa kwa sauti, na Spika huamua upande upi umeshinda. Kura ya sauti haiachi jina la mtu, na hiyo ndiyo sababu wabunge huipenda. Uamuzi wa Spika ukipingwa na wabunge wa kutosha, kengele hulia, milango hufungwa, na kura hupigwa kwa mitambo au kwa kuitwa majina. Hapo tu ndipo utakapolipata jina la mbunge wako katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Kura zikilingana hoja huanguka, na Spika hana kura.

Sasa zingatia hesabu. Akidi ya Bunge la Kitaifa, yaani idadi ya chini inayohitajika ili kikao kiendelee, ni wabunge 50, na maamuzi ya kawaida hufanywa na walio wengi kati ya waliopo na kupiga kura. Katika mswada wa kawaida, asiyekuwepo hajahesabika popote. Lakini palipohitajika theluthi mbili ya wabunge wote, kiti kitupu ni kura ya kupinga. Tarehe 27 Februari 2019, mswada wa kubadili Katiba ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya Bunge ulikwama kwa sababu hapakuwa na wabunge 233 ukumbini. Hakuna aliyelazimika kusimama mbele ya kamera akasema anawapinga wanawake. Ilitosha kunywa chai mahali pengine. Kwa hiyo usimuulize mbunge wako tu kwamba alipiga kura gani. Muulize alikuwa wapi.

Hatua ya saba: Baada ya kura

Mabunge mawili yakitofautiana juu ya mswada unaohusu kaunti, kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa wa kila upande huundwa, na isipoafikiana mswada hufa. Ukipita, Rais ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Bunge linaweza kuyakubali mapendekezo yake, au kuupitisha tena mswada kama ulivyokuwa, kwa kura za theluthi mbili.

Kisa cha riba za benki kinaonyesha uzito wa theluthi hiyo. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi mswada wa mbunge binafsi, Jude Njomo, ulioweka kikomo cha riba, ijapokuwa mabenki yaliupinga. Wananchi waliupenda, na uchaguzi ulikuwa umebakisha mwaka mmoja. Mwaka wa 2019, uchaguzi ukiwa mbali, Rais huyohuyo aliurudisha Mswada wa Fedha akitaka kikomo kiondolewe. Wabunge wengi walikuwa wamesema hadharani kwamba wangekitetea, lakini siku ilipofika ya kuyapinga mapendekezo ya Rais, wale 233 hawakupatikana ukumbini, na kikomo kikaondoka. Tazama kalenda pia unapomsoma mbunge: mwaka wa mwisho kabla ya uchaguzi yeye husikiliza kijiji, na miaka miwili ya kwanza husikiliza Nairobi.

Mswada ukishakuwa sheria, fungua tena lile daftari. Pakua Hansadi ya siku ya kura, uandike tarehe, mswada, kura ya mbunge wako au kutokuwepo kwake, na kando yake alichowaahidi mlipomtembelea ofisini. Fanya hivyo kwa miswada mitano au sita kwa mwaka, hasa ya fedha, kisha toa nakala na uzibandike penye watu, kwenye mbao za matangazo za soko na shule, kabla ya kura za mchujo za vyama. Katika maeneo ambako chama kimoja kina nguvu, mchujo huo ndio uchaguzi wenyewe, na mbunge hujua hivyo kuliko unavyojua wewe.